Mzazi Anapokataa Mbwa wa Pili

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ambamo tayari anaishi mbwa mmoja, ombi la kijana la kuongezewa mbwa wa pili hupata jibu fupi la kukataliwa, na kijana hulichukulia jibu hilo kuwa ukaidi au ukosefu wa huruma kwa wanyama. Aghalabu sivyo. Mzazi aliyemkataa mbwa wa kwanza huenda alikataa jambo asilolijua, lakini anayemkataa wa pili anakataa jambo alilokwisha kuishi nalo, kwa sababu ameona ni nani anayempikia mbwa asubuhi, ni nani anayezoa kinyesi uani, ni nani aliyemlipa daktari wa mifugo mara ya mwisho, na ni nani aliyekwenda kumwomba radhi jirani ambaye kuku wake waliliwa. Kwa hiyo uamuzi kuhusu mbwa wa pili huwa umekwisha kufanywa, kwa sehemu kubwa, na maisha ya mbwa wa kwanza, na kijana anayetaka kuubadili hana budi kuanzia kwenye banda lililopo uani kabla ya kutafuta maneno ya kumridhisha mzazi.

Wataalamu wa majadiliano wana namna yao ya kulieleza jambo hili. Mwaka 1981 Roger Fisher na William Ury, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walichapisha kitabu kilichokuja kusomwa sana, ambamo walitofautisha msimamo wa mtu, yaani lile analolitamka kuwa analitaka au halitaki, na haja iliyo nyuma ya msimamo huo, yaani sababu inayomfanya alitamke. Watu wawili wanaoshindana kwa misimamo hubaki pale pale, kwa kuwa mmoja akisema ndiyo na mwingine akasema hapana, hakuna nafasi iliyobaki katikati. Lakini haja zikiwekwa wazi, mara nyingi huonekana kwamba zipo njia kadhaa za kuzitimiza. Mzazi anaposema hataki mbwa mwingine, huo ni msimamo. Haja iliyo chini yake yaweza kuwa fedha, au kazi, au hofu ya ugonjwa, au usafi wa mahali pa kuswalia, au masharti ya mwenye nyumba, au majirani waliokwisha kulalamikia kelele za usiku. Yaweza pia kuwa huzuni, kwa maana wapo wazazi waliomzika mbwa waliyemlea kwa miaka mingi na ambao husingizia gharama kwa sababu ni rahisi kwa mtu mzima kuzungumzia bei ya unga kuliko kukiri kwamba hataki kuumia tena.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuuliza na kunyamaza. Kijana anayemwendea mama au baba kwa heshima, akauliza ni jambo lipi hasa linalomsumbua, kisha akaondoka bila kujibu chochote siku hiyo, hupata taarifa ambayo mabishano ya mwezi mzima yasingempa, na zaidi ya hapo humwonyesha mzazi kwamba hoja zake zimechukuliwa kwa uzito. Kinyume chake ni kuomba kila siku mpaka mzazi achoke. Mwanasaikolojia Jack Brehm wa Marekani, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1966, alieleza kwamba mtu anapohisi uhuru wake wa kuamua unabanwa hujitahidi kuulinda, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kulishikilia zaidi lile analosukumwa aliache. Mzazi anayeombwa asubuhi, mchana na jioni hafikirii tena juu ya mbwa. Anafikiria juu ya mamlaka yake nyumbani, na katika jamii zetu hapana mzazi atakayekubali kushindwa katika shindano la namna hiyo.

Ubaya zaidi uko katika njia ambayo vijana wengi huiona kuwa ya mkato, yaani kumleta kitoto cha mbwa nyumbani kwa siri, kumficha stoo au kwa rafiki, kisha kumtoa mbele ya familia kwa matumaini kwamba hakuna atakayekuwa na moyo wa kumfukuza. Njia hiyo hufaulu mara moja moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu mzazi aliyelazimishwa hivyo hajakubali kitu. Amenyang'anywa nafasi ya kukataa, na chuki yake humwangukia mnyama. Mbwa wengi wanaofungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba, wakirushiwa makombo na kusahauliwa, ni mbwa ambao mtu mzima mwenye kauli katika nyumba hiyo hakuwataka tangu mwanzo. Anayempenda mbwa kwa dhati hawezi kumtumia kama mtego.

Kati ya haja zote zilizotajwa, iliyo nzito na yenye haki kuliko zote ni hofu ya kichaa cha mbwa, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu na unaoenezwa na mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha la kung'atwa au mkwaruzo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba watu 4 hivi kati ya kila 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kama vile kuogopa maji, kuchanganyikiwa na kupooza, kupona hakutarajiwi. Mzazi aliyewahi kusikia mtoto wa kijiji cha jirani amekufa hivyo hana haja ya kuelezwa takwimu, na kijana anayeicheka hofu hiyo, au anayeijibu kwa kusema kwamba mbwa wao ni mpole, ameshindwa kabla ya kuanza, kwa kuwa upole wa mbwa haumzuii kuumwa na mbwa mwingine mwenye kichaa usiku akiwa nje ya geti.

Jibu la kweli lipo, na ni chanjo. Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 3 hivi, kisha kwa desturi ya eneo letu chanjo hurudiwa kila mwaka, na wataalamu wanakubaliana kwamba jamii inayofaulu kuwachanja mbwa wake wapatao asilimia 70 kila mwaka huweza kuukata mnyororo wa maambukizi, kwa sababu virusi hukosa mnyama wa kutosha wa kuhamia. Jambo hili si nadharia tupu. Kisiwani Pemba kampeni za kuwachanja mbwa ziliuzima ugonjwa huu kufikia mwaka 2014, kisha chanjo ziliposuasua ukaingia tena kutoka bara mwaka 2016, na chanjo za kila mwaka ziliporejeshwa ukazimwa upya mwaka 2018. Kenya nayo ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukitokomeza kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa na kumwokoa, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na mara nyingi idara za mifugo hupanga kampeni za chanjo karibu na siku hiyo. Kijana anayejua tarehe ya kampeni katika kata au wadi yake, anayemfunga mbwa kamba na kumpeleka mwenyewe, kisha akarudi na kadi ya chanjo iliyotiwa tarehe na saini, ameweka mezani hoja ambayo mzazi hawezi kuipuuza. Naye asiyejua mbwa aliyepo alichanjwa lini hana haki ya kuomba wa pili. Hilo lisemwe wazi.

Mzazi anahitaji kuona pia kwamba kijana anajua la kufanya mtu aking'atwa. Jeraha huoshwa mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kwa kuwa kuosha huko peke yake hupunguza sana virusi vilivyoingia, kisha aliyeng'atwa hupelekwa hospitali bila kuchelewa ili aanzishiwe sindano za kinga, ambazo hutolewa kwa awamu kadhaa. Pilipili, mafuta ya taa, dawa ya mti na vitu vingine ambavyo watu hupaka havisaidii, na muda unaopotea katika kuvitafuta ndio muda ambao virusi huutumia kusafiri kwenye mishipa kuelekea ubongoni.

Hofu ya pili kwa uzito ni ya uzazi, na hapa wazazi huwa na kumbukumbu chungu ambazo hawazisemi. Mbwa jike huingia katika joto, yaani kipindi ambacho anaweza kushika mimba, kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12, na baadaye joto hurudi takriban kila baada ya miezi 6; mimba huchukua siku 63 hivi, na uzao mmoja mara nyingi huwa na vitoto 5 au 6, ingawa idadi hutegemea sana ukubwa wa mbwa. Nyumba yenye dume mmoja ikiongezewa jike bila mpango inaweza, kabla ya mwaka wa pili kwisha, kuwa na mbwa 10 au zaidi. Mtu anayeachiwa kazi ya kuwatafutia mbwa hao wote wenyeji, au ya kuamua wafanyweje wasipopata mwenyeji, ni mzazi. Vitoto vinavyotupwa sokoni au kandokando ya barabara kuu ndani ya kiroba ni aibu ambayo miji yetu imeizoea mno, na mzazi anayesema hataki kuingia tena katika jambo hilo anastahili heshima.

Dawa yake ni kufunga kizazi, upasuaji ambao kwa jike huondoa viungo vya uzazi na kwa dume huondoa korodani, na ambao hufanywa na daktari wa mifugo aliyesomea, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kuhasi kwa wembe bila dawa ya usingizi, kama inavyofanyika bado mahali pengi, ni ukatili, na mara nyingi huishia katika kidonda kilichooza. Nchini Kenya chama cha ulinzi wa wanyama cha KSPCA, ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1910, huwafunga kizazi mbwa wake kabla ya kuwakabidhi kwa familia mpya, hivyo anayemchukua mbwa mahali kama hapo huwa ameondolewa gharama moja kubwa na wasiwasi mkubwa zaidi. Faida nyingine huonekana mtaani kote, kwa kuwa kila uzao usiopangwa huongeza mbwa wasiochanjwa na kuishusha ile asilimia 70 ambayo kinga ya jamii inaitegemea.

Kuhusu gharama, kosa la kawaida ni kuahidi kwamba mbwa wa pili atakula kile kile kinachobaki. Mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji takriban kilokalori 1,000 hadi 1,100 kwa siku, na kwa kuwa gramu 100 za unga wa mahindi hutoa kilokalori zipatazo 360, mbwa huyo akilishwa ugali peke yake angemaliza unga wa kilo 9 hivi kwa mwezi. Isitoshe, ugali peke yake haumtoshi, kwani mbwa huhitaji protini na mafuta, na ndiyo maana watu huchanganya na dagaa, ambao Kenya huitwa omena, au vichwa vya samaki, utumbo na miguu ya kuku, au masalio ya buchani yaliyochemshwa. Makombo ya mezani hayatoshi, na mengine ni hatari: vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kijana atakayekwenda sokoni na daftari, akaandika bei za siku hiyo za unga na dagaa, akaongeza dawa ya minyoo, dawa ya kuogeshea kwa ajili ya kupe na viroboto, pamoja na chanjo, kisha akaonyesha ni sehemu gani ya jumla hiyo atakayoilipa mwenyewe kwa fedha ya kuuza mayai au ya kazi za likizo, atakuwa amezungumza lugha ambayo mzazi anaitumia kila mwisho wa mwezi.

Chanjo zenyewe hazikomei kwenye kichaa. Yapo magonjwa mawili ambayo huua vitoto vya mbwa kwa wingi: parvo, ugonjwa wa kuhara damu na kutapika ulioanza kujulikana mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi, na distempa, ugonjwa wa virusi unaoanza kwa makamasi na kikohozi na unaoweza kuishia kwa degedege. Virusi vya parvo huweza kubaki hai ardhini kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo familia iliyopoteza kitoto cha mbwa kwa ugonjwa huo haifai kuleta kingine katika ua ule ule kabla hakijakamilisha chanjo zake, ambazo huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kitoto kifikishe wiki 16 hivi. Kuhusu distempa, Tanzania ina ushuhuda wa kusikitisha, kwani mwaka 1994 mlipuko wake uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Madhara ya mbwa wa nyumbani asiyechanjwa hayaishii ndani ya ua tu.

Katika nyumba za Waislamu, hasa za pwani ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea, ombi la mbwa wa pili linagusa jambo la ibada, na kijana hana budi kulijua kwa undani kabla ya kulizungumza. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, mbwa ni najisi nzito, maana yake ni kwamba kilichoguswa na mate yake, au na mwili wake ukiwa majimaji, hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo; wanazuoni wa Kimaliki wana mtazamo tofauti, nao huhesabu mbwa kuwa tohara. Hata hivyo Kurani inaruhusu kula kilichowindwa na mbwa aliyefunzwa, na Hadithi zimewavua katika katazo la kufuga mbwa wale wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na baadhi ya wanazuoni wamelinganisha na hayo ulinzi wa nyumba. Familia ya namna hii iliyo na mbwa mmoja huwa imemfuga kwa haja ya ulinzi, na swali ambalo mzazi atauliza ni iwapo haja hiyo inamdai wa pili. Kusema kwamba mbwa wa kwanza ana upweke hakutatosha mbele ya mizani hiyo. Kueleza kwamba shamba limepanuka, au kwamba mbwa aliyepo amezeeka na masikio yake yamepungua nguvu, huenda kukatosha. Kilicho bora ni kulipeleka suala kwa shehe anayeaminiwa na mzazi, na kupanga mapema banda, vyombo na mipaka ambayo mbwa hataivuka.

Hoja ya ulinzi yenyewe huhitaji kupimwa kwa unyofu, maana ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko zote. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kubweka mapema, na mbwa mmoja mwenye afya huitimiza. Wa pili huongeza nguvu kidogo katika ua mkubwa au pale wa kwanza anapozeeka, lakini pia huongeza kelele, na mbwa wawili huchocheana kumfukuza mpita njia ambaye mmoja peke yake angemwacha. Hoja ya upweke nayo ina ukweli nusu. Mbwa ni mnyama wa kuishi na wenzake, na aliyefungwa peke yake mchana kutwa huteseka, lakini mbwa anayebweka ovyo na kuchimbachimba kwa sababu hatembezwi haponywi kwa kuletewa mwenzake. Mara nyingi mwenzake hujifunza tabia zile zile, na mzazi hujikuta na matatizo mawili ya aina moja. Kumtembeza aliyepo nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kumfundisha kuketi na kuja anapoitwa, na kumfungua mnyororo ndani ya ua uliozibwa vizuri ni mambo yanayopaswa kutangulia. Yakifanyika kwa miezi michache, mbwa hubadilika machoni pa kila mtu nyumbani, na mzazi ambaye hajawahi kuona mbwa mtulivu hupata kuona jambo lililo tofauti na alilolikataa.

Ni vyema pia kijana aweze kueleza mbwa hao wawili watakutanishwaje. Kitoto cha mbwa hakifai kutengwa na mama yake kabla ya wiki ya 8. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba wiki za 3 hadi 12 hivi za umri ndizo ambazo kitoto hujifunza kwa wepesi mkubwa kuwazoea watu na wanyama wengine. Mbwa wakubwa hukutanishwa mahali ambapo hakuna kati yao anapopahesabu kuwa pake, kila mmoja akiwa ameshikwa kamba, na baada ya hapo hulishwa mbalimbali, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia kwenye bakuli. Dume na jike waliofungwa kizazi huelewana kwa urahisi zaidi kuliko wawili wa jinsia moja. Kuchukua vitoto viwili vya uzao mmoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu hulifanya kwa huruma, huzaa kazi mara mbili ya mafunzo, na mara nyingi vitoto hivyo hushikamana vyenyewe kwa vyenyewe vikawa vigumu kuwasikiliza watu.

Baada ya matendo hayo yote ndipo yanapokuja maneno, na katika familia zetu msemaji huwa na uzito sawa na kinachosemwa. Yapo mambo ambayo mtoto hamkabili nayo baba ana kwa ana bali humtuma shangazi, mjomba au bibi, na hakuna sababu ya kuiona njia hiyo kuwa ya woga. Mtu mzima anayeheshimiwa hupata kusikilizwa, na mzazi hupata nafasi ya kulegeza msimamo bila kuonekana ameshindwa na mtoto wake. Wakati nao huchaguliwa. Januari, wazazi wanapokimbizana na karo na sare za shule, si mwezi wa kuleta ombi lenye gharama, wala jioni ya siku ambayo mbwa wa kwanza ametafuna kiatu cha mgeni.

Ombi dogo mara nyingi hutangulia kubwa. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha jaribio walilofanya California, ambamo wenye nyumba walioombwa kwanza kuweka kibandiko kidogo cha usalama barabarani walikubali kwa asilimia 76, wiki chache baadaye, kuwekewa bango kubwa mbele ya nyumba zao, ilhali miongoni mwa wale walioombwa bango moja kwa moja waliokubali walikuwa asilimia 17 tu. Matokeo hayo yanaweza kutumiwa kwa hila, na hila dhidi ya mzazi haifai. Lakini lipo ombi dogo lililo la haki kwa pande zote, nalo ni kumtunza mbwa wa jirani au wa ndugu anayesafiri kwa wiki moja au mbili. Katika muda huo mzazi huona kwa hakika kelele zinaongezeka kiasi gani, chakula kinapungua kiasi gani, na kijana anaamka saa ngapi. Anaweza kuona pia kwamba alikuwa sahihi kukataa, na kijana mwaminifu huingia katika jaribio hilo akijua hivyo.

Linabaki swali ambalo wazazi wengi hulifikiria na vijana wachache huliuliza, la nani atakayebaki na mbwa. Mbwa wa ukubwa wa kati huishi miaka 10 hadi 13 akitunzwa vizuri, na katika nchi ambazo wanafunzi wengi wa sekondari husoma shule za bweni, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeomba kitoto cha mbwa leo hayupo nyumbani sehemu kubwa ya mwaka, na atakuwa ameondoka kwenda chuoni au kutafuta kazi mjini kabla mbwa huyo hajafika nusu ya umri wake. Katika miaka hiyo chakula kitapikwa na mama, au na dada wa kazi ambaye hakuulizwa, au na babu aliyehamishiwa mjini kwa matibabu. Ahadi ya kijana, hata ikiwa ya dhati, haiwezi kuziba pengo la mtu asiyekuwapo, na kwa hiyo makubaliano yenye maana hutaja kwa jina atakayeshika zamu wakati wa mihula, awe mdogo wake aliyekubali mwenyewe au kijana wa jirani atakayelipwa, na hueleza fedha hizo zitatoka wapi.

Pale ambapo jina hilo halipatikani, kuna njia ambayo watu huisahau kwa sababu mioyo yao iko kwa vitoto, nayo ni kumchukua mbwa mzima wa miaka 6 au 7 ambaye mwenyewe amehama nchi au amefariki. Mbwa wa umri huo hukaa muda mrefu wakisubiri mwenyeji, ingawa wamekwisha kupita kipindi cha kutafuna viatu, mara nyingi wamechanjwa na kufungwa kizazi, na tabia yao inajulikana kwa kuwa imekwisha kukomaa. Miaka iliyobaki ya mbwa kama huyo inalingana zaidi na miaka ambayo kijana anaweza kuiahidi bila kudanganya, na mzazi anaweza kwenda kumwona, kumtazama akikutana na mbwa wa nyumbani, na kuuliza maswali yake yote kabla ya kutoa jibu.